Aliyeanza na wa Mwisho

Mwalimu alikuwa na desturi yake ya kutangaza matokeo. Wenzake walianza na wa kwanza wakashuka, na yule wa mwisho akabaki peke yake katikati ya uwanja kama kuku aliyenyeshewa, watu wote wakimtazama. Yeye alianza na wa mwisho. Alimwita jina lake lote, akampa buletini, ile karatasi ya alama zake, kwa mikono miwili kama mgeni anavyopewa maziwa, akamwambia neno moja zuri, hata kama neno lenyewe ni kwamba mtoto huyo anajua kufuta ubao. Ndipo akapanda, mmoja mmoja, mpaka akamfikia wa kwanza, ambaye kwa wakati huo alikuwa amechoka kusubiri na majivuno yamemwisha.

Watu wa mtaa wetu wa Gikondo wananiuliza kama alikuwa mtu mwema au mtu mbaya. Wananiuliza mimi kwa sababu nimemfahamu zaidi ya miaka ishirini na tano. Alimfundisha binti yangu, akamfundisha mjukuu wangu, na mimi mwenyewe kusoma nilifundishwa na yeye. Tena wanajua kwamba mwezi wa nne, wanaume walipokuja kwangu kumchukua mjukuu wangu, walikuwa na karatasi, na karatasi ile ilikuwa na mwandiko wa Mwalimu. Sijawajibu. Naandika hapa ninayoyajua, kila mtu apime kwa kipimo chake.

Alikuwa mrefu, mwembamba, ana shati jeupe la Jumatatu na jingine la Alhamisi. Chaki haikutoka mfukoni mwake hata Jumapili. Kanisani ulijua amepiga ishara ya msalaba kwa sababu koti lilibaki na alama tatu nyeupe. Alikuwa na baiskeli aliyoisukuma akipanda mlima na kuisukuma akishuka. Mafundi wa karakana ya mume wangu walimtania kwamba amenunua mbuzi wa chuma wa kutembea naye. Yeye aliwajibu kwamba angalau mbuzi huyo hali mahindi ya jirani.

Hakunywa pombe. Hakucheza ngoma. Fimbo alichapa, lakini alichapa kiganja cha kushoto tu. Mkono wa kuume alisema si wake, ni wa kuandikia.

Kitu alichojivunia ni mwandiko. Herufi zake zilisimama wima kama watu kwenye misa, isipokuwa zile zenye mkia, kama g na y. Hizo mikia yake ilijikunja kushoto mpaka ikakaribia kugusa herufi ya nyuma. Kwa sababu ya mwandiko huo kila mwenye cheo alimletea kazi. Padri alimletea orodha ya wabatizwa, mwenye ghala la kahawa alimletea barua zake, konseye, mkubwa wa serikali mtaani, alimletea matangazo. Alinakili vyote. Hakuuliza cha nini. Niliwahi kumwambia kwamba mtu asiyeuliza mzigo una nini siku moja atabeba nyoka. Alicheka, akasema mzigo ni wa mwenyewe, yeye ni mbebaji.

Basi niseme jinsi tulivyojuana, maana kulianza na aibu yangu.

Enzi za utoto wa binti yangu Dafroza, siku ya kufunga mwaka wa shule ilikuwa arusi ya mtaa mzima. Ni mwezi wa saba, vumbi jekundu, hakuna mvua ya kumharibia mtu. Akina mama tulipika pombe ya mtama siku nne kabla, kila mwenye mtoto na mtungi wake. Watoto waliogeshwa alfajiri, wakapakwa mafuta miguuni mpaka nzi anateleza. Baba zao walivaa makoti, hata fundi wa gereji alivaa koti. Ngoma zilikaa upande wa kanisa na mitungi ikakaa upande wa shule, na sheria ilikuwa moja: matokeo yakishatangazwa, mama wa mtoto wa kwanza ndiye anayefungua mtungi wa kwanza. Wengine wote wanangoja.

Mimi wakati ule nilikuwa sijui a wala be. Nilisoma katekisimu mwaka mmoja, kwa kukariri. Mume wangu alikuwa amenileta kutoka Bukavu, nyumba yetu ilisema Kiswahili, na mambo ya shule niliyaona kama mambo ya wazungu. Mwalimu naye alikuwa mgeni, mwaka wake wa kwanza. Dafroza alikuwa katika darasa lake.

Mwalimu akasimama mbele ya meza. Jina la kwanza alilolitaja lilikuwa la binti yangu.

Nilipiga vigelegele mpaka kanga ikaanguka. Niliruka miguu ya watu nikafika kwenye mtungi wangu, nikaufungua, nikachota, nikaanza kumpa aliye karibu. Watu walikuwa kimya. Nilidhani ni heshima. Ndipo jirani yangu, muuza mkaa, mwanamke mwenye ulimi kama wembe, akaniambia bila hata kupandisha sauti:

“Kunywa wewe kwanza, mama Dafroza. Mtoto wako ameshika mkia.”

Uwanja wote ulicheka. Nilibaki nimesimama na kibuyu mkononi. Dafroza alikuwa pale katikati na buletini yake, anacheka na wao, hajaelewa anayechekwa ni nani.

Mwalimu aliacha meza. Alikuja na karatasi zake kwapani, akachukua kile kibuyu mkononi mwangu, akakinywa chote akiwa amesimama, mtu asiyekunywa. Akafuta mdomo, akawaambia watu:

“Wa kwanza niliyemwita ni huyu. Mama yake hajakosea.”

Akarudi mezani kuendelea kusoma. Kufika katikati ulimi ulikuwa umeshakuwa mzito, akawachanganya ndugu wawili, watu wakacheka tena, na safari hii hawakunicheka mimi. Tangu mwaka ule, katika darasa lake, mtungi wa kwanza kufunguliwa ulikuwa wa mama wa mtoto wa mwisho. Hakuna aliyepitisha sheria hiyo. Ilishika tu, na watu wakasahau ilianzaje. Nimeona wanawake wenye watoto wa mwisho wakipokewa kama mama wa bibi arusi.

Wiki ile ile aliniambia nije shule Jumamosi mchana anifundishe kusoma, nisije nikachekwa tena. Nilimwambia nimezeeka, nilikuwa na miaka thelathini. Akasema karatasi haina ubaya wowote, ubaya ni kutojua inasema nini. Tulikuwa wanawake watano, tukikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Alinishika mkono kwa mkono wake, tukachora pamoja. Mikia yangu naikunja kushoto mpaka leo. Mtu aliyejua mwandiko wake akiiona karatasi hii atadhani imeandikwa na yeye.

Mjukuu wangu Umutoni nilimlea mimi. Dafroza aliolewa Kabeza, na mume wake alifanya kazi uwanja wa ndege, lakini mtoto walinipa ili asome Gikondo kwa Mwalimu yule yule. Mwalimu alihama na darasa lake, alilichukua toka la kwanza akapanda nalo, kwa hiyo Umutoni hakufundishwa na mwingine. Na Umutoni alikuwa mvivu. Siku nzima kuruka kamba, kuimba, kuwafundisha kuku kuandamana. Miaka minne alishika mkia. Miaka minne zamu ya kufungua mtungi ilikuwa yangu, mtungi ulipokuwapo. Mwaka wa kwanza nilicheka sana, nikamkumbuka mama yake. Mwaka wa nne sikucheka.

Na sherehe zenyewe zilikuwa zimeshakuwa kitu kingine. Mwaka wa tisini, mwezi wa saba, bado tulicheza. Kulikuwa na fanta kwa watoto, na karakana iliazima betri ya lori kwa ajili ya kipaza sauti. Mwezi wa kumi vita vikaanza kaskazini. Mwaka uliofuata ilibidi direkta wa shule aombe ruhusa ya kukusanya watu. Mwanajeshi alisimama langoni akifungua vikapu vyetu, na mtungi wangu aliukoroga kwa kijiti kuona kama nimeficha kitu. Pombe aliyoikoroga mwanajeshi nani atainywa? Nilimwaga.

Mwaka wa tisini na mbili vilikuja vyama vya siasa. Vijana waliingia uwanjani na kofia za rangi na filimbi, Mwalimu akiwa amefika mtoto wa saba. Wazazi waliokuwa wamekaa pamoja miaka yote walisogea, hawa huku, wale kule, kila mtu na rangi yake. Mwalimu alingoja filimbi zinyamaze. Hazikunyamaza. Akamwendea kila mtoto mahali alipo, akainama, akamwambia matokeo yake sikioni. Kazi hiyo ilichukua karibu saa mbili, na jua lile.

Mwaka wa tisini na tatu hapakuwa na uwanja kabisa. Direkta alisema matokeo yasomwe ndani ya darasa, haraka, kuanzia wa kwanza kama shule nyingine, na wazazi wangoje nje. Hapakuwa na ngoma wala mtungi. Tulisimama kwenye madirisha kama watu wanaomwangalia mgonjwa. Mwalimu alisoma kuanzia wa kwanza, sauti imekauka, kama alivyoagizwa. Alipofika mwisho, kwa Umutoni, aliacha kusoma. Alimpa buletini kwa mikono miwili, akamwambia kwamba kuku wake wanaandamana vizuri kuliko vyama vyote. Darasa zima lilicheka. Hilo lilikuwa neno zuri la mwisho nililomsikia akilisema.

Sasa niseme la upande mwingine, maana mtu ana kiganja na ana mgongo wa mkono.

Mwalimu huyu huyu, kila mwezi wa tisa shule ikifunguliwa, alisimama mbele ya watoto na daftari akasema: Wahutu simameni. Akahesabu, akaandika. Watutsi simameni. Akahesabu, akaandika. Umutoni akiwa darasa la kwanza hakujua yeye ni nani, akasimama mara zote mbili, wenzake wakamcheka. Mwalimu akamtuma nyumbani kuuliza. Mimi ni Mhutu, kitambulisho changu kilisema hivyo, na Dafroza hivyo hivyo. Lakini mtoto hufuata baba, na baba yake wa Kabeza alikuwa Mtutsi. Nilimpeleka mwenyewe shuleni, nikamuuliza Mwalimu kwa nini mtu asiyetaka mtoto wa mwisho aonekane anawasimamisha watoto hivi. Hakukasirika. Aliniambia:

“Direkta anataka hesabu, mama Dafroza. Ni safu moja tu ya daftari.”

Akaandika jibu nililoleta pale pale, kwa mwandiko wake mzuri.

Sikuendelea kubishana. Nilikuwa na mambo yangu. Hilo pia naliandika.

Baada ya ile siku ya madirishani nilimwambia Umutoni kwamba imetosha. Mimi si mwanamke wa kubembeleza. Nilichukua kamba yake nikamfungia mbuzi wetu. Kila siku akitoka shule alikaa kwenye kigoda karibu na jiko langu na daftari magotini, na mimi na kijiti. Akikosea, kiganja cha kushoto. Alilia mwezi wa tisa, akalia mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi na moja aliacha kulia, akaanza kunisahihisha mimi. Krismasi alileta buletini: wa tatu.

Nilisoma mara mbili. Sikumwonyesha furaha, nilimwambia wapo wawili mbele. Yeye akacheka, akasema:

“Nyogokuru, nyanya yangu, mwezi wa saba Mwalimu ataniita mwisho kabisa. Utangoja mpaka usinzie.”

Nilimwambia sitasinzia. Nilinunua mtama nikauweka kwenye debe juu ya kabati. Nilisema moyoni kwamba hata wakikataza uwanja, hata wakileta wanajeshi kumi wa kukoroga, mwaka huu nitapika.

Mwezi wa nne watoto walikuwa nyumbani, likizo ya Pasaka.

Nitaandika kwa kifupi. Watutsi walianza kuuawa nyumba kwa nyumba, lakini kwangu wauaji hawakuwa na sababu ya kuja. Kitambulisho changu kilikuwa na neno walilolitaka, na mtaa ulinijua kama mjane wa fundi. Nilimweka Umutoni nyuma ya kabati na magunia, na siku nne hakuna aliyegonga. Dafroza na mume wake walikuwa wameshauawa Kabeza, mimi sijui bado. Siku ya tano walikuja wanaume sita. Walikuja mlangoni kwangu moja kwa moja, hawakutafuta nyumba. Nikawaambia hapa hakuna mtoto. Mmoja wao alikuwa amesoma kwa Mwalimu zamani, darasa moja na Dafroza. Alinyoosha karatasi mbele ya uso wangu.

“Mama, wewe si unajua kusoma? Soma mwenyewe.”

Nikasoma. Jina la Umutoni, jina la baba yake, na mahali: anakaa Gikondo kwa nyanya yake, nyuma ya karakana. Mkia wa g umejikunja kushoto.

Yaliyofuata hayaandikwi na mimi.

Mwezi wa kumi nilisikia Mwalimu amerudi. Alikuwa amekimbilia kwa dada yake mashambani wakati wa vita, sasa amerudi kwa miguu, yuko shuleni. Waliniambia wanajeshi wa serikali mpya wameshamhoji mara moja na watakuja tena kumchukua. Nilifunga kanga yangu nikaenda.

Madawati yalikuwa yamechomwa kuni. Alikuwa amepiga magoti akiupaka ubao rangi kwa masizi na maji ya majani, kama tulivyofanya zamani. Shati halikuwa la Jumatatu wala la Alhamisi. Mfukoni hamkuwa na chaki. Alisimama aliponiona, akaniita mama Dafroza, halafu akanyamaza, kwa sababu jina hilo sasa lilikuwa halina mtu.

Sikumuuliza hali. Nilimuuliza nani alimwomba ile karatasi.

Alisema ni konseye. Alikuja mwezi wa pili, akasema kuna maharage na unga vitagawiwa, wanataka watoto wa kila darasa, kabila lao na wanapokaa, Watutsi kwenye karatasi yao peke yao. Akanakili Jumapili moja baada ya misa, kutoka kwenye matokeo ya Krismasi.

“Ulijua?”

Masizi yalikuwa yanamdondoka mkononi.

“Nilijua si maharage,” alisema. “Sikujua ni nini. Na sikuuliza. Unanijua, sijawahi kuuliza.”

Nilidhani amemaliza. Nilikuwa nimeshageuka. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

“Wawili niliwaruka.”

Nikamwambia aseme vizuri. Akasema watoto wa Kitutsi walikuwa tisa katika darasa lake. Alianza kunakili na wa mwisho, kama kawaida yake. Kwenye jina lile la mwisho mkono ulikataa, akaliruka. La pili kutoka mwisho, akaliruka. Hapo akaogopa. Konseye alijua darasa lina wangapi, wawili angesema amesahau, watatu asingeweza. Akaandika waliobaki.

Wale wawili nawafahamu. Mmoja anauza nyanya na shangazi yake kwenye kituo cha basi, na kila asubuhi ananisalimia. Mwingine yuko kwa masista. Wote wawili wazima.

Mahali pale pa mwisho palikuwa pa mjukuu wangu miaka minne. Palikuwa pake, hakuna aliyemsogeza. Mimi ndiye niliyemtoa pale, kwa kijiti, kando ya jiko langu.

Mwalimu naye alikuwa amefikia hesabu hiyo. Niliona uso wake. Alifungua mdomo.

“Usinipe neno zuri,” nilimwambia.

Akaufunga.

Alikwenda kwenye sanduku la bati kwenye kona, akapekua, akarudi na buletini. Ilikuwa ya muhula wa pili, zile ambazo hazikuwahi kugawiwa kabla ya Pasaka. Alinipa kwa mikono miwili, na nikapokea kwa mikono miwili, kwa sababu mwili una mazoea yake. Umutoni. Wa pili.

Chini kulikuwa na mstari wa sahihi ya mzazi. Buletini za Dafroza nilianza kuzitia dole gumba, halafu jina. Nilimwomba kalamu. Alikuwa nayo. Niliweka karatasi kwenye dirisha, lile lile nililokuwa nimesimama nje yake mwaka uliotangulia, nikaandika jina langu polepole, herufi zimesimama wima, mikia imekunjwa kushoto. Yeye alikuwa begani kwangu anatazama, kama zile Jumamosi. Kwenye karatasi ile kulikuwa na mwandiko wa watu wawili, na mtu mwingine asingeweza kuutenganisha.

Buletini ikishatiwa sahihi hurudishwa kwa mwalimu. Ndiyo kanuni, miaka yote. Alinyoosha mkono.

Niliikunja mara nne, nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu, nikaenda nyumbani kuuteremsha ule mtama nipike.